Reli Juu ya Mlango wa Nyumba ya Katuba

Mtu akitaja nyumba za zamani hapa Lubumbashi, mawazo ya wanaomsikiliza hukimbilia katikati ya mji: jumba la mahakama, sinagogi iliyochorwa na Raymond Cloquet, kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, na ukumbi wa maonyesho uliokamilika 1956 ambao leo tunauita Jengo la 30 Juni. Wageni hupiga picha majengo hayo, wanafunzi huyaandikia tasnifu, na ukuta ukipasuka au rangi ikibadilishwa hakosi kutokea mtu wa kulalamika. Nyumba ninayoiandika haikuwahi kupata mlalamikaji. Ilikuwa mtaa wa Katuba, nyumba ya vyumba vitatu, sebule na baraza, iliyojengwa na nkambo wangu mzaa baba mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ilibomolewa Julai iliyopita, katikati ya kiangazi, kwa nyundo na sururu, na vijana ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa nkambo alipofariki.

Nataka kueleza jinsi ilivyojengwa na jinsi ilivyobomolewa, na zaidi ya hayo, jinsi ilivyokuwa imekwisha kubomoka katika karatasi na katika vikao vya ukoo kabla ya nyundo ya kwanza kuinuliwa. Tumezoea kusema kwamba matajiri na matingatinga yao ndio wanaozimaliza nyumba za wazee wetu. Kwa niliyoyaona mimi, tajiri hufika mwishoni kabisa, wakati kazi kubwa imekwisha kufanywa na wenye nyumba.

Mji wetu, ulioitwa Elisabethville hadi 1966, ulianzishwa 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipoufikia. Wazungu walijipimia mitaa iliyonyooka, na Waafrika wakawekwa ng'ambo ya ukanda mtupu ulioachwa makusudi kati ya mji na makazi yao. Kwanza ilikuwa Kamalondo, kisha mtaa unaoitwa Kenya. Baada ya Vita Kuu ya Pili, shaba ilipokuwa na bei na treni zikishusha vijana kila juma, zikafunguliwa Katuba na Ruashi. Katika miaka hiyo kamishna wa wilaya, Ferdinand Grévisse, alianzisha utaratibu ambao wazee wa Katuba walizoea kuutaja kwa jina lake. Mtu alipewa kiwanja, akakopeshwa vifaa, akasaidiwa na fundi kwa ushauri, akajenga mwenyewe nyumba ya kudumu, kisha akalipa deni kidogo kidogo. Sisemi hivi ili kuusifu ukoloni. Serikali ile ilikuwa ikijipunguzia gharama, na mfanyakazi mwenye deni la mabati hafikirii mgomo kila asubuhi. Hata hivyo, kwa sababu ya utaratibu huo sehemu kubwa ya Katuba ilijengwa na wakazi wake wenyewe, jambo ambalo huwezi kulisema juu ya kambi za Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, ambako nyumba ilikuwa ya kampuni na mtu akiacha kazi alirudisha ufunguo.

Nkambo alikuja kutoka Kasai kwa treni ya kampuni ya reli ya BCK, kwa njia ile iliyounganisha Katanga na bandari ya Ilebo tangu 1928, akaajiriwa kuwa seremala katika karakana ya reli. Katika lupango, yaani kiwanja, alilopewa Katuba palikuwa na kichuguu. Msomaji wa pwani asifikirie kilima cha kufika gotini. Vichuguu vya Haut-Katanga ni vilima vya kweli, vingine vinapita mita tano kwenda juu, na mchwa wamevijenga kwa kupandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini sana. Udongo huo ndio uliozaa matofali ya nyumba nyingi za mji huu. Mtu aliyepata kiwanja chenye kichuguu alinung'unika siku ya kwanza kwa sababu ya kazi ya kukiondoa, kisha akashukuru, maana matofali yake yote yalikuwa humo.

Kiangazi kilipoanza, nkambo alichimba, akalowesha udongo, akaukanyaga pamoja na shemeji zake, akaujaza katika kalibu ya mbao aliyoitengeneza mwenyewe. Matofali yakakaushwa chini ya majani, yakapangwa kuwa tanuri lenye mapango ya moto chini, tanuri likapakwa matope nje, na kuni za miombo zikawashwa usiku na mchana. Matofali ya katikati huiva vizuri. Ya pembeni hubaki nusu mabichi, nayo hayatupwi, hujengewa kuta za ndani ambazo mvua haizifikii. Kuunganishia matofali alitumia udongo uleule uliochanganywa na mchanga. Saruji ilikuwepo madukani, lakini kila mfuko ulioandikwa katika daftari la mkopo ulikuwa ukirefusha deni, kwa hiyo aliiweka akiba kwa ajili ya sakafu na plasta ya nje tu. Msomaji aikumbuke hesabu hiyo ya saruji, kwa sababu nitairudia tutakapofika kwenye ubomoaji.

Paa lilibebwa na mbao za mulombwa, ambazo mchwa hawazipendi. Na juu ya mlango wa mbele, mahali ambapo wengine waliweka boriti ya mbao, nkambo aliweka kipande cha reli nyembamba iliyochakaa. Baba mkubwa amesema maisha yake yote kwamba reli hiyo ilitolewa kwa ruhusa ya mkubwa wa karakana. Shangazi amesema maisha yake yote kwamba hakuna mkubwa wa karakana aliyewahi kutoa ruhusa ya namna hiyo. Ilipopakwa plasta haikuonekana tena, ila kila mtoto wa nyumba ile alijua kwamba ipo.

Baraza lilikuwa na ukuta mfupi wa kukalia, na sakafu ya ndani ilikuwa ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta kila Jumamosi hadi mtu akateleza. Jiko lilikuwa nje, chini ya mparachichi, mbabula mbili za makaa na sufuria ya bukari, ugali wetu. Sitarefusha hapo, nyumba nyingi za Katuba zilikuwa hivyo.

Nyumba hii ilibomolewa mara ya kwanza mwaka 1961, ingawa si yote. Katanga ilikuwa imejitangazia uhuru wake tarehe 11 Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe, na Waluba wa mjini wakaanza kutazamwa kama maadui katika mitaa yao wenyewe. Kuanzia mwishoni mwa Agosti 1961, makumi ya maelfu yao walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa pembezoni mwa mji. Walikaa humo, katika vibanda vya magunia na makaratasi, mpaka walipoanza kusafirishwa kwenda Kasai na kaskazini mwa Katanga mwaka uliofuata. Nkambo, nkambo mwanamke na watoto walikuwa miongoni mwao. Waliporudi, baada ya kujitenga kwa Katanga kumalizika Januari 1963, walikuta kuta zimesimama na sakafu nyekundu imejaa majani makavu. Mabati yalikuwa yameondoka, milango na fremu za madirisha pia, pamoja na sehemu ya mbao za paa. Kilichozuia watu kuhamia humo ni jirani, mtu wa Kasenga, ambaye alilima viazi vitamu katika lupango lote na kumwambia kila aliyeuliza kwamba ni shamba lake. Milango miwili alikuwa ameificha katika dari ya nyumba yake. Nkambo aliezeka upya kwa mabati mazito ambayo tuliyakuta hadi mwaka jana, na kwa miaka mingi mavuno ya kwanza ya parachichi yalivuka ua kwenda kwa jirani huyo kabla mtu yeyote wa kwetu hajaonja.

Kuta zikabaki vilevile, lakini ardhi iliyokuwa chini yake ilibadilika kisheria. Sheria ya Bakajika ya 7 Juni 1966, na baada yake sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, zilirudisha ardhi yote mikononi mwa taifa. Raia hupewa haki ya kuitumia, haki ambayo kwa Mkongomani inaweza kuwa ya kudumu, naye huithibitisha kwa cheti cha usajili. Nkambo alikuwa na livreti, kile kijitabu cha mwenye lupango kilichojaa mihuri, ambacho alikihifadhi katika bati la biskuti. Baba mkubwa ndiye aliyehangaika miaka ya 1980, ofisi hadi ofisi, mpaka livreti ikazaa cheti kwa jina la baba yake. Cheti hicho kina nguvu kubwa: miaka miwili ikipita bila mtu kukishambulia mahakamani, mwenye nacho hawezi kung'olewa kwa urahisi. Tulifurahi. Lakini cheti kinaeleza kiwanja: namba, mipaka, ukubwa. Kuhusu nyumba kinatosheka kusema kwamba kiwanja kimejengwa. Tangu siku hiyo thamani ya lupango letu ilikuwa imehamia katika karatasi isiyojua kama kuna sebule wala reli juu ya mlango.

Nkambo alifariki 1991. Wakati huo Sheria ya Familia ya 1 Agosti 1987 ilikuwa imekwisha kuanza kazi, nayo inagawa mirathi bila kigugumizi: watoto wa marehemu robo tatu, na robo inayobaki ni ya kundi la mjane, wazazi na ndugu. Mjane pia ana haki ya kuendelea kukaa na kuitumia nyumba waliyoishi yeye na mumewe. Haki hiyo ya nkambo mwanamke ndiyo iliyoilinda nyumba yetu kuliko kitu kingine chochote. Alipokuwa hai, hakuna mrithi aliyethubutu kutamka neno kuuza mbele yake, na sakafu iliendelea kung'arishwa kila Jumamosi, hata miguu yake ilipochoka na kazi hiyo ikawa ya wajukuu.

Alipofariki mwaka 2014, tulianza kuhesabiana. Nkambo alikuwa ameacha watoto saba. Watatu walikuwa wamefariki, na nafasi zao zilichukuliwa na watoto wao. Orodha iliyoandikwa na baba mkubwa ilifikia watu kumi na tisa, wengine Lubumbashi, wengine Mbuji-Mayi, mmoja Kitwe, wawili Johannesburg. Nyumba ya vyumba vitatu haigawanyiki kwa watu kumi na tisa. Ikapangishwa, na kodi ikaanza kuleta maneno: nani anaipokea, nani ametumiwa, nani amesahauliwa tangu Pasaka. Bati moja la chumba cha nyuma likaanza kuvuja. Kila mmoja wetu alilijua tundu hilo, na kila mmoja alipiga hesabu ileile kimoyomoyo: anayebadilisha bati anawabadilishia watu kumi na tisa, na siku ya kugawana hakuna atakayelikumbuka bati lake. Mvua za misimu kadhaa zikapita. Maji yakaingia katika kuta za ndani, zile za matofali nusu mabichi, ambazo nkambo alizijenga akiamini kwamba mvua haitazifikia kamwe. Plasta ikavimba, kisha ukuta wenyewe ukaanza kulegea kuanzia juu.

Hapa ndipo ninapoona nyumba ilipobomolewa. Hapakuwa na mtu mbaya. Ndugu wote waliishi kwa busara, kila mmoja katika hesabu yake, na hesabu hizo zikijumlishwa pamoja zinaangusha ukuta. Mjini hapa zipo nyumba nyingi zenye cheti kwa jina la mtu aliyekufa zamani, warithi wasioweza kukaa pamoja ndani yake, na sheria isiyomlazimisha yeyote kubaki milele katika mali ya pamoja. Ukiona nyumba ya zamani Katuba, Kenya au Kamalondo imeachwa na mabati yenye kutu, usiseme wenyewe ni maskini. Uliza kwanza ni warithi wangapi.

Kikao cha mwisho kilifanyika palepale barazani. Binamu wa Johannesburg alikuwa kwenye simu, imewekwa katikati juu ya kigoda, na kila mtu alipozungumza aliiinamia.

"Baba mkubwa, kwa heshima yako," akasema binamu yangu mmoja, "tuikarabati, tuipangishe kwa bei ya leo."

"Kwa pesa ya nani, mwanangu?"

Akanyamaza. Shangazi, ambaye ndiye mkubwa kati ya wanawake waliobaki, alikuwa amekaa kwenye ukuta mfupi huku ameegemea nguzo. "Mimi nimezaliwa katika chumba hiki cha nyuma," akasema. "Lakini dawa zangu za sukari haziuzwi kwa kuzaliwa. Uzeni, na mnipe sehemu yangu nikiwa hai."

Baada ya maneno hayo hakuna aliyepinga tena, na sikuona sababu ya kupinga. Nilitia sahihi mahali pa marehemu baba yangu, na hadi leo naona tulifanya sawa. Pesa hiyo imemtibu shangazi, imemlipia binamu mmoja masomo, na imenunua viwanja vidogo pembezoni mwa mji kwa wawili ambao hawakuwa na pa kuweka kichwa. Wanaotuambia kwamba nyumba ya babu haiuzwi mara nyingi ni watu ambao mgao wao ungekuwa mdogo, au ambao tayari wana nyumba nyingine.

Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara. Tangu Sheria ya Madini ya 2002 ilipofungua milango kwa kampuni za nje, pesa ya shaba na kobalti imeingia mjini kwa njia nyingi, na kiwanja kilicho karibu na barabara ya magari kinatafutwa kwa ajili ya maduka na maghala chini, vyumba vya kupangisha juu. Alikuja mara ya kwanza na kijana mwenye utepe wa kupimia. Wakapima mbele, wakapima ubavu, wakasoma cheti wakiwa wamesimama kwenye jua. Shangazi alimkaribisha ndani akanywe maji. Akashukuru kwa adabu, akanywea nje.

Kubomoa nyumba kwa mkono ni ufundi, na nilikaa kuuangalia kwa sababu nilitaka kuona nkambo alifanya nini ndani ya kuta zile. Kazi huanzia juu. Misumari ya mabati iling'olewa mmoja mmoja, mabati yakateremshwa bila kukunjwa, kwa kuwa bati zito la zamani linauzwa haraka kuliko bati jipya jembamba la dukani. Mbao za mulombwa zilinunuliwa na seremala wa Kenya kabla hazijafika chini. Alizigonga kwa ukucha, akasikiliza, akatoa pesa. Kisha zikaja kuta. Kijana mmoja hukaa juu ya kona kwa nyundo na patasi, hulegeza tofali, humrushia mwenzake aliye chini, naye hulipitisha kwa akina mama wawili waliokaa na mapanga mafupi ya kukwangulia. Udongo aliotumia nkambo kuunganishia ulikwanguka kwa mikwaruzo mitatu, na tofali likatoka safi, jekundu, kingo zake nne zikiwa nzima. Siku nzima walipanga matofali kama hayo kando ya barabara, na wapita njia wakasimama kuuliza bei.

Choo na bafu vilikuwa habari nyingine. Viliongezwa miaka ya 1970, familia ilipokuwa na pesa kidogo, na vilijengwa kwa saruji tupu, kwa fahari. Saruji ile ilikuwa ngumu kuliko matofali yenyewe, kwa hiyo kila pigo la nyundo lilipasua tofali na kuacha saruji ikiwa imeshikamana. Upande ule haukutoa hata mkokoteni mmoja wa matofali mazima. Kifusi chake kilikwenda kujaza mashimo ya barabara ya mtaa. Na kuta za ndani, zile zilizonyonya maji, hazikuhitaji nyundo. Zilisukumwa kwa mabega zikarudi kuwa udongo wa kichuguu, ambao mtu mmoja aliukusanya katika magunia kwenda kukandika jiko lake. Vumbi jekundu lilitua juu ya nguo za majirani zilizoanikwa, na mama mmoja akaja kudai sabuni. Akapewa.

Kabla jua halijachwa walifika mlango wa mbele. Plasta ilipodondoka, reli ikaonekana, ndefu kidogo kuliko upana wa mlango, imelala juu ya matofali mawili mawili kila upande. Kazi ikasimama. Chuma chakavu mjini hapa kina soko lake, na kiongozi wa vijana alikuwa tayari amekwisha kuikadiria kwa macho. Mwakilishi wa mnunuzi akasema haiondoki. Baba mkubwa akasema ni ya baba yake na haiuzwi. Wakaniita mimi nisome mkataba, kana kwamba mtu anayeshinda akiandika anajua pia kuamua kesi. Mkataba ulisema lupango pamoja na vyote vilivyojengwa ndani yake, na mbele ya sheria kitu kilichoshikamanishwa na jengo ni sehemu ya jengo. Reli ilikuwa ya mnunuzi. Nilipolisema hilo, baba mkubwa alinitazama kwa namna ambayo bado naikumbuka.

Mwakilishi, ambaye hakuwa mtu mgumu, alipendekeza tuinunue kwa bei ya chuma chakavu. Baba mkubwa akakataa katakata kununua kitu cha baba yake. Shangazi akafungua fundo la kitenge, akalipa, akasema mambo ya aibu tutayazungumza nyumbani. Tulipoisafisha kwa brashi ya waya, ubavuni mwake palitokea herufi zilizoinuka kutoka chumani, jina la kiwanda na mwaka, nusu yake zimeliwa na kutu. Baba mkubwa aliinama akazipapasa kwa kidole kwa muda mrefu, akitafuta, nadhani, kitu cha kuthibitisha ruhusa ya mkubwa wa karakana. Siku hizi reli imelazwa uani kwa shangazi, na ndoo za maji huwekwa juu yake zisiguse udongo.

Matofali mengi yalinunuliwa na mwalimu kijana anayejenga Kisanga. Alikuja na gari la kukodi, akapakia, akarudi tena. Alinieleza kwamba tofali la kichuguu lililoiva vizuri limekuwa adimu, kwa sababu vichuguu vya ndani ya mji vimechimbwa vikaisha na kuni za kuchomea zinatoka mbali zaidi kila mwaka, kwa hiyo wengi sasa hujenga kwa matofali ya saruji. Nilimuuliza atatumia nini kuyaunganisha. "Saruji, bila shaka," akajibu, na nikamhadithia habari ya choo. Alicheka, lakini hakubadilisha mpango wake, na sioni kwa nini angeubadilisha. Anajenga akae, hajengi ili wajukuu wake wabomoe vizuri.

Kuna watu wenye nia njema wanaosema nyumba za namna hii zingelindwa na sheria. Tangu 15 Machi 1971 nchi yetu ina sheria ya kulinda mali za utamaduni, ambayo inaruhusu jengo liorodheshwe na lisiguswe ovyo. Kwa jumba la mahakama naikubali. Kwa nyumba ya Katuba naiogopa. Ungewafungia warithi kumi na tisa mali ambayo hawawezi kuuza, kubadilisha wala kugawana, na tundu la bati lingeendelea kuvuja chini ya ulinzi wa serikali. Nisichokikubali ni kwamba nyumba hizi zinaondoka bila kuacha hata mchoro. Majengo ya wazungu yana michoro yake katika kumbukumbu, mingine hapa, mingine Ubelgiji. Nyumba ya nkambo ilikuwa na mchoro mmoja tu, nao ulikuwa kichwani mwake.

Kwa sababu hiyo, kabla ya mabati kushushwa, mimi na mpwa wangu anayesomea usanifu majengo tuliipima yote, ukuta kwa ukuta, dirisha kwa dirisha. Mchoro ulipokamilika ulitueleza jambo ambalo hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kulitaja. Sebule na vyumba vyote vitatu vilikuwa na upana mmoja. Tulidhani ni kupenda usawa, mpaka mbao za paa ziliposhushwa na mpwa wangu akazipima: zote zilikuwa za urefu mmoja, isipokuwa chache zilizoungwa baada ya 1963. Nkambo alipata mbao kwanza, akajenga kuta kuzifuata. Alikuwa seremala, hakutaka kukata kipande hata kimoja cha mulombwa. Kichuguu alikuwa nacho, tofali halikuwa tatizo, ila mbao ndefu ilikuwa pesa.

Mchoro huo tumeupeleka kwa ndugu wote, na wa Johannesburg ameutundika ukutani. Habari zikavuka mtaa. Kuna familia nyingine, barabara ya tatu kutoka kwetu, yenye nyumba ya miaka ileile ambayo imo katika mazungumzo ya kuuzwa. Walituomba tuwapimie, na tukawashauri waandike katika mkataba wao kwamba milango, mbao na vyuma vitabaki mikononi mwa familia, ili shangazi wa watu asifungue fundo la kitenge mbele ya vijana wa nyundo. Mnunuzi wao amekubali milango na vyuma, mbao bado wanabishana. Tumekwisha kupima baraza, sebule na vyumba viwili. Chumba cha tatu kina mpangaji, naye alikuwa amekifunga na kwenda kazini, kwa hiyo tumepanga kurudi Jumapili akiwepo.